Kitako cha Mbambakofi: Bunduki ya Wenzo Iliyopungua na Namna ya Kuitunza

(Hotuba kwa mafundi na wapenzi wa vitu vya kale, Mji wa Kale, Mombasa)

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni. Na wenzetu wa salamu nyingine, hamjambo nyote.

Nimeambiwa nizungumzie ile bunduki ya kale ya wenzo niliyoitiwa ikiwa nusu: niliitambuaje, na nimeifanyia nini. Mimi ni fundi wa milango na makasha, mwanijua kwa hilo. Niliitwa kwa ajili ya mbao yake. Chuma nimejifunza kwa kulazimika, maana kwenye bunduki mbao na chuma vimeshikana, huwezi kugusa kimoja ukakiacha kingine.

Bunduki yenyewe sikuja nayo. Iko mahali pake kihalali, chini ya kufuli, na mwenye ufunguo si mimi. Nimekuja na picha hizi na huu mfano wa mbao nilioupasua kwa kipimo kilekile. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua watu wangu: humu ndani pana mtu mwenye chuma cha babu juu ya dari. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka cheti. Usijiamulie mwenyewe kwamba hicho chako ni kibovu, na usikizungushe mjini ndani ya gunia ukitafuta wa kukutazamia. Piga simu kituoni, waje wao, waandike, nawe ubaki na karatasi. Wala usikichokoe. Bunduki za aina hii risasi hulala ndani ya bomba chini ya mtutu, hazionekani kwa nje, na baruti nyeusi iliyokaa kavu yaweza kuwaka hata baada ya miaka mia moja. Niliyoishika mimi ilikuwa imekwisha kaguliwa na wanaojua, na hata hivyo sikuwahi kuuelekeza mdomo wake kwa mtu.

Haya, tuingie kwenye kazi.

Bunduki ya wenzo ni zile mlizoziona kwenye sinema za makauboi. Chini ya kifyatulio pana pete ya chuma ya kupitisha vidole, ndiyo wenzo wenyewe. Ukiisukuma mbele, ganda lililotumika latoka na risasi mpya yapanda. Ukiirudisha, risasi yaingia mtutuni na nyuma yake pafungwa. Kampuni zilizozitengeneza ni kadhaa, Winchester ya Marekani ikiwa mojawapo, na kila moja ilibadilisha umbo mara nyingi, ndiyo maana mtu akikuambia "ni Winchester ya zamani" bado hajakuambia kitu.

Nyumba ilikotoka waliniambia ni bunduki ya Roosevelt, yule rais wa zamani wa Marekani aliyekuja kuwinda. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Mombasa kila bunduki kuukuu ni ya Roosevelt, kama vile kila kasha kuukuu lilikuja na Mreno. Ni kweli Theodore Roosevelt aliteremka hapa Kilindini tarehe 21 Aprili 1909, na ni kweli katika silaha zake zilikuwamo Winchester za wenzo. Lakini zile zilikuwa modeli ya 1895, za risasi za .405, na modeli hiyo hubeba risasi ndani ya kisanduku kilichojitokeza chini ya mwili, yaani lile sanduku la chuma linalobeba mitambo, mbele ya wenzo. Hii yetu haina kisanduku, wala mahali pa kukitia. Ina tundu la mviringo kwenye uso wa mbele wa mwili, chini kidogo ya mtutu. Hapo ndipo panapoingia bomba. Bomba halipo, limepotea, lakini tundu lake latosha kumtoa Roosevelt kwenye mazungumzo. Mwenye nyumba hakufurahi.

Nataka vijana muione hiyo njia. Kitu kilichopotea huacha makazi yake: tundu, mfuo, alama ya skrubu, mahali palipobaki na rangi kwa sababu palifunikwa. Bunduki iliyopungua husomwa kwa yale makazi kuliko hata kwa vipande vyenyewe.

Zenye bomba pia ni nyingi, basi tukaendelea kuchuja. Winchester ya 1866 mwili wake ni wa manjano, wa aina ya shaba. Wetu ni chuma. Ya 1894, ukisukuma wenzo, sakafu ya mwili yashuka pamoja nao, yetu haishuki. Marlin, za kampuni nyingine, za kuanzia 1889 zimezibwa juu na hutupa maganda ubavuni. Yetu juu iko wazi. Savage ya 1899, ya kampuni nyingine tena, haina bomba, na nyundo yake imefichwa ndani. Yetu nyundo iko nje, imepinda kidogo kama kwamba mtu aliiangusha sakafuni. Zile za 1886 na 1892, alizozibuni John Browning, mwili wake ni kipande kizima, ubavuni hapafunguki. Yetu ubavu mzima wa kushoto hauna bamba, na bamba hilo halikuvunjika, lilifunguliwa. Skrubu yake haimo, na kingo za mahali pake ni safi. Mabamba ya ubavuni ya kutoka namna hiyo ni ya ukoo wa 1866, 1873 na 1876. Ya kwanza tumeshaitoa. Zikabaki mbili.

Kwa kuwa bamba halipo, ndani mlikuwa wazi. Pana viungo viwili vya chuma vinavyokunjana na kunyooka kama goti, na mbele yake pana kipande cha shaba, cha mraba, ambacho kazi yake ni kuipandisha risasi kutoka usawa wa bomba hadi usawa wa mtutu. Vyuma vyote vimeota kutu, ila kile cha shaba kimefanya kijani tu. Nikakisugua upande wa chini kwa kitambaa chenye tone la mafuta, polepole. Pakatokea namba 4. Ikatokea nyingine. Kisha herufi: 44 CAL, yaani kaliba, upana wa risasi. Modeli ya 1876 ni kubwa zaidi kwa umbo na haikutengenezwa kwa risasi hiyo. Basi ni modeli ya 1873.

Sasa hapa nataka mafundi mkae karibu. Modeli ya 1873 ilitengenezwa kwa miaka hamsini hivi, zaidi ya laki saba, hivyo kulijua jina la modeli bado hakukupi umri. Juu ya mwili wake palikuwa na kifuniko cha vumbi, bamba jembamba linaloteleza kurudi nyuma ukivuta wenzo. Chetu kimepotea, na mwenzangu mmoja akasema basi hatuna la kusoma hapo. Nikamwambia tazama kilichokibeba. Kwenye zile za mwanzo kifuniko kiliteleza ndani ya mifuo iliyochongwa pande mbili za mwili. Zilizofuata kiliteleza juu ya reli moja ya katikati, iliyofungwa kwa skrubu mbili. Za mwisho, kuanzia 1882 hivi, reli imechongwa pamoja na mwili, chuma kimoja. Nilimulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ukilala juu ya chuma, nikapitisha ukucha kutoka mwisho mmoja wa reli hadi wa pili. Ukucha haukukwama popote. Hapana skrubu, hapana mshono. Kwa hiyo bunduki hii haikutoka kiwandani New Haven, Connecticut, kabla ya miaka ile ya mwanzo wa 1880. Yote hayo kwa ukucha, na kifuniko chenyewe hakipo!

Namba yake ya kiwandani ilipaswa kutusaidia zaidi. Huandikwa kwenye ulimi wa chuma ulio nyuma ya wenzo, upande wa chini. Yetu imeliwa na kutu, tarakimu za mwisho tu ndizo zinazosomeka, hata ukiweka karatasi nyembamba na kupitisha penseli. Palikuwa na ushauri kwamba tupake asidi zitokee. Nikakataa. Asidi ikishakula, hakuna kurudi, na kesho huenda akaja mtu na kifaa cha kuzisoma bila kugusa. Ingalikuwa inasomeka yote tungaliuliza Cody, Wyoming, kule Marekani, ambako makumbusho ya silaha yanahifadhi madaftari ya kiwanda. Madaftari hayo hukuambia mtutu ulikuwa wa aina gani na bunduki iliondoka ghalani tarehe ngapi. Jina la aliyeinunua mwisho aghalabu hutalipata humo.

Jinsi ilivyofika pwani, mtutu wenyewe ulisema kidogo. Karibu na mwili pana alama ndogo mbili, kila moja chini ya taji: moja herufi G na P zilizosukwa pamoja, nyingine V. Hizo ni alama za ukaguzi wa London. Uingereza bunduki haikuuzwa bila kujaribiwa kwa baruti nyingi na kupigwa muhuri, hata ikiwa imetengenezwa Marekani. Kwa hiyo ilipita London kwanza. Na hapo ikumbukwe kwamba Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Magobore ya jiwe yaliendelea kuruhusiwa kwa masharti, lakini bunduki za kisasa za mtutu wenye mifuo zikawa za wenye kibali. Mkishangaa kwa nini nyumba za zamani zina magobore mengi na bunduki hizi chache, sababu mojawapo ndiyo hiyo. Huyu aliyeileta, ama aliwahi kabla ya mkataba, ama alikuwa mtu wa kibali.

Wala hakuwa mwindaji wa ndovu. Risasi yake hiyo ya 44, iitwayo .44-40, ni gramu 13 hivi za madini ya risasi na baruti isiyofika gramu 3. Kampuni ya Colt nao walitengeneza bastola za risasi hiyohiyo. Ni bunduki ya mlinzi, ya mtu wa msafara anayetaka kulala na kitu chepesi pembeni. Mwenye nyumba niliyemnyima Roosevelt nilimpa hilo, akasema afadhali.

Mtutu una pembe nane. Mtutu wa namna hiyo kwa kawaida ulikuwa wa inchi 24, na bomba lake likibeba risasi 15. Huu haufiki inchi 20. Zipo fupi za kiwandani, lakini zile kwa kawaida mtutu wake ni wa duara na ubavuni kushoto pana pete ya kufungia kwenye tandiko la farasi. Hii ilikatwa. Ukitazama mdomoni utaona mistari ya msumeno wa mkono, na tupa ilipita baadaye kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kijino cha kulengea ni kipande cha shaba kilichopachikwa kwa risasi ya kulehemia, kirefu kupita kiasi. Kazi ya mtu wa hapa, na kazi ya haraka.

Kitako, hata hivyo, hakikuwa cha haraka, na sasa nafika nilikoitiwa.

Vitako vya Winchester vilikuwa vya walnati, mti wa Marekani, mwepesi kiasi, wa rangi ya kahawia. Nilipokiinua hiki nilijua kwa uzito tu kabla sijakitazama. Ni mbambakofi. Nimepasua mbambakofi tangu ujana, siwezi kuukosea. Ni mti mgumu, mwekundu-mwekundu, unaokataa mchwa, ndiyo maana milango iliyobaki Ndia Kuu mingi imesimama mpaka leo. Hicho cha walnati bila shaka ndicho mchwa walikimaliza. Akapewa fundi kazi ya kutia kingine, na fundi huyo hakuwa mtu wa bunduki. Najuaje? Kwa sababu alilichonga lile tundu la kupokea ulimi wa chuma kwa patasi ya mlango, pana kuliko lilivyotakiwa, kisha akaziba nafasi kwa kabari mbili nyembamba za mti uleule, nyuzi zikifuatana. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwenye mwimo wa mlango uliolegea. Nyuma, pale penye chuma cha mwezi mchanga kiwandani, alikata bapa na kugongomea ngozi kwa misumari midogo ya shaba. Na kitako kizima ni kifupi kwa upana wa vidole viwili kuliko cha asili. Alikipima kwenye mkono wa mtu.

Halafu ubavuni, upande unaogusana na shavu, ametia nakshi. Mnyororo. Ule mnyororo wa kwenye mwimo wa mlango, pete ndani ya pete, mfupi kama kidole, wa kina kidogo sana usikwaruze uso. Pete ya mwisho aliiacha wazi. Sikusema kitu kwa muda, wallahi. Nimeona mikono mingi kwenye milango ya mji huu, na ule ni mkono wa mtu aliyejifunza kazi yake kwa miaka.

Basi nilipoulizwa, "Fundi, utatuchongea kitako cha walnati tuirudishe ilivyokuwa?" nikasema hapana, na sababu nikaitoa, na leo naitoa tena mbele yenu. Ilivyokuwa lini? Bunduki hii imeundwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa mashine, New Haven, pamoja na dada zake laki saba. Mara ya pili kwa patasi, pwani hii, peke yake. Mnataka nimfute wa pili ili nimrudishe wa kwanza? Modeli ya 1873 yenye kitako cha walnati zimejaa Marekani, zimetandikwa kwenye makabati. Yenye mnyororo wa mlango wa Mswahili mimi nimeiona hii tu. Kuna wenzangu ambao hawakukubali, nao ni mafundi wazuri, wanasema kitu kikirudishwa kirudi kwa aliyekianzisha. Tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Sijabadilika.

Ndiyo nikaamua hivi. Kitako kinabaki. Ule mpasuko kwenye shingo nimeuunga kwa gundi ya ngozi ya moto, ambayo siku yoyote ukiitia joto na unyevu yaachia. Epoksi sikuitumia, kwa kuwa epoksi ni ndoa isiyo na talaka. Ngozi ya nyuma inabaki na misumari yake. Mtutu unabaki mfupi na kile kijino kirefu. Hata mistari ya msumeno mdomoni sikuigusa.

Kwenye chuma kazi yangu ilikuwa kuzuia, si kung'arisha. Grainda, brashi ya waya, msasa, vyote niliviweka chumba kingine nisije nikashawishika. Skrubu nilizilowesha mafuta mepesi na kuziacha mpaka ziamue zenyewe, kisha bisibisi niliyoisaga ikae sawasawa ndani ya mfuo wake, maana bisibisi ya ovyo huchana kichwa cha skrubu na ile alama haitoki tena. Na tafadhalini, skrubu ya Winchester ya kale si ya milimita. Ukikosa inayolingana, usichukue ya pikipiki ukachimba tundu upya. Acha tundu tupu.

Kutu nyekundu inayochubuka niliiondoa kwa sufi ya shaba na mafuta, eneo la ukubwa wa ukucha kwa wakati mmoja. Ile nyeusi, iliyoshikana na laini, niliiacha. Hiyo imetulia, tena yalinda. Vipande vidogo vya ndani nilivichemsha kwenye maji ya betri, nasema maji ya betri yaliyokenekwa, si asidi ya betri, msije mkanisingizia. Yakichemka vizuri, kutu nyekundu hugeuka nyeusi, nawe waifuta kwa kitambaa. Wako wanaotumia tanini, ile iliyomo kwenye magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kwenda kutengeneza ngozi. Nayo hugeuza kutu kuwa nyeusi. Inafaa ikiwa safi ya maabara. Sufuria ya magome nyumbani, hapana.

Baada ya kukauka, nta juu ya chuma chote, na glavu za pamba kila ukishika, kwa kuwa jasho la mkono ni chumvi. Adui wetu mkubwa hapa ni hewa yenyewe. Chuma hupenda kuota kutu unyevu ukipita asilimia 60 hivi, na Mombasa siku nyingi uko juu ya 70, na upepo una chumvi. Kabati lisilofungika vizuri laharibu kazi yote ndani ya masika moja. Nimeomba kabati lenye mpira wa kuzibia, kipimo cha unyevu ndani, na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vikubwa, vya kukaushwa na kurudishwa. Vile vidogo vya ndani ya viatu ni mapambo.

Vilivyopotea, kifuniko cha vumbi sitii. Kuna nakala za 1873 zinazotengenezwa Italia na vipande vyake hukaribia, lakini havikai bila kupigwa tupa, na penye tupa siku zote hupatikana mtu wa kuipiga kwenye kipande cha kale ili kipya kiingie. Bamba la ubavuni nalo liachwe, mahali pake pawekwe plastiki angavu, watoto waone lile goti likikunjana. Pini ya kugonga risasi haimo, na haitatiwa; hii haitapiga tena. Bomba pekee nitalitengeneza, la mbao, lipakwe kijivu kisichong'aa ili mtu akisimama hatua tatu aone umbo kamili, na akisogea ajue ni mbao. Upande wa chini nachonga mwaka, mtu wa baadaye asibabaike.

Na lebo. Rasimu niliyoonyeshwa ilisema "Winchester 1873, kitako si cha asili." Nimeomba iandikwe: "Winchester modeli ya 1873, baada ya 1882 hivi, muhuri wa ukaguzi wa London. Mtutu umekatwa. Kitako cha mbambakofi chenye nakshi ya mnyororo, kazi ya fundi wa pwani." Bado wanaijadili. Ikiwa mzee yeyote humu alipata kusikia ni karakana gani ya milango iliyokuwa ikipokea kazi za vitako, anione kabla hajaondoka, tupate jina la kuongeza.

Haya, niulizeni maswali. La bei yake silijibu, haiuzwi.